Mke wa Mti: Dhamira za Hadithi Zinazofanana, kwa Mfano wa Newala na Masasi

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha kabisa katika nchi ya kusini, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alisafiri kutoka Lindi kwenda Masasi, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti katika silinda za nta, na alikusanya nyimbo, vyombo, mila na hadithi. Kitabu cha safari yake kilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Alice Werner. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika imo hadithi ya asili ya Wamakonde, ambayo kwa muhtasari ni hii.

Hapo kale alikuwako porini mtu mmoja ambaye hakuwa bado mtu kamili. Hakuoga, na kula na kunywa kwake kulikuwa haba. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti wa porini, akaichukua kwake, akaisimamisha. Usiku sanamu ile ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili mpaka Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakaondoka, wakauvuka uwanda wa juu hata bonde la Mbwemkuru; mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu katika vichaka vya Mahuta, na mtoto wa tatu akazaliwa hai, akakua. Baadaye wakapata watoto wengi. Yule baba akawaagiza watoto wake mambo mawili. La kwanza, wafu wao wazikwe wima, kwa ukumbusho wa mama yao aliyepata uhai akiwa amesimama. La pili, wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwani huko ndiko yaliko maradhi na mauti. Nyumba ziwe mbali na maji kiasi cha mwendo wa saa moja, ndipo watoto watakapostawi.

Msomaji aliyezoea elimu ya hadithi hawezi kuipitia habari hii bila kukumbuka nyingine. Ovid, mshairi wa Roma, katika kitabu cha kumi cha Metamorphoses asimulia juu ya Pygmalion wa kisiwa cha Kipro, aliyechonga mwanamke kwa pembe ya ndovu, akaipenda kazi ya mikono yake, akamwomba Venus, na pembe ikawa mwili. Katika Tuti-nama, yaani Kitabu cha Kasuku, alichokitunga Nakhshabi kwa Kiajemi katika karne ya 14 kutokana na visa vya Kihindi, kuna seremala, mfua dhahabu, mshoni na mcha Mungu waliolala porini na kukesha kwa zamu. Seremala akachonga mwanamke, mfua dhahabu akampamba, mshoni akamvika, mcha Mungu akamwombea uhai. Kulipokucha wakagombana ni mke wa nani. Na zaidi ya hao, msikilizaji yeyote wa Masasi aliyesoma chuoni au misheni atamkumbuka Hawa.

Je, ni hadithi moja katika nchi nne, au ni hadithi nne? Swali hili ni la zamani. Theodor Benfey, alipoifasiri Panchatantra mwaka 1859, aliona kwamba sehemu kubwa ya visa vya Ulaya vilitoka India na kusafiri kwa njia ya vitabu na wafanya biashara. Andrew Lang wa Uskoti alishika upande mwingine: wanadamu wakiishi katika hali zinazofanana, huwaza mawazo yanayofanana, na hapana haja ya kutafuta msafiri kwa kila kisa. Baada ya hao wakaja watunga orodha. Antti Aarne wa Finland alichapa orodha ya aina za hadithi mwaka 1910. Stith Thompson wa Marekani akaipanua mwaka 1928 na tena mwaka 1961. Hans-Jörg Uther akaitengeneza upya mwaka 2004. Thompson alitoa pia orodha kubwa ya viungo vya hadithi, yaani vile vipande vidogo visivyogawanyika, kama sanamu iliyopata uhai, pete iliyomezwa na samaki, au mnyama asemaye.

Orodha hizi zina faida isiyokanika. Zimemwezesha mtu aliye Dar es Salaam kujua kwa saa moja ni wapi kwingine duniani kiungo fulani kimepata kuandikwa, ingawa Afrika ilipata nafasi ndogo ndani yake kuliko haki yake. Lakini namba ya kiungo humwambia mtafiti ni kitu gani kilichotokea katika hadithi. Haimwambii hadithi yenyewe inauliza nini. Kiungo ni mali ya wote. Dhamira ni mali ya wale wanaosimuliana. Mtafiti akikosa kutenganisha mambo haya mawili, atampa Mmakonde wa Mahuta huzuni ya Pygmalion, ambayo Mmakonde hakuwa nayo.

Yafaa basi kuuliza kila hadithi imekawia wapi. Ovid anakawia katika mapenzi ya mchongaji. Pygmalion amechukizwa na wanawake wa mji wake, akatengeneza mmoja asiye na ila; anamletea zawadi, anamlaza kitandani, anaogopa asije akamwumiza kwa vidole. Swali la hapo ni kama mtu aweza kuishi na kitu alichokitamani mwenyewe kikawa sawasawa na tamaa yake. Kitabu cha Kasuku hakikawii katika mapenzi hata kidogo. Kinakawia katika shauri. Wanne wanagombana, wanampata mpita njia wa kuwaamua, naye anadai kwamba mwanamke ni wake. Wanakwenda kwa mkuu wa askari, wanakwenda kwa kadhi, na kila mwamuzi anageuka mdai. Swali la hapo ni la milki: kazi ya pamoja ni mali ya nani, na ni nani wa kuaminiwa kuamua? Waafrika wanaijua sana namna hii ya kisa kinachoishia kwa swali na kuwaachia wasikilizaji wabishane. William Bascom alikusanya vingi vya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Hadithi ya Mahuta haikawii katika mojawapo ya hayo. Uchongaji umekwisha kwa sentensi moja. Hakuna maombi, hakuna mungu anayeitwa, hakuna hata neno moja juu ya uzuri wa mwanamke. Uhai unakuja usiku kama unavyokuja umande. Penye kukawia ni penye uzazi: mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Swali lake ni hili tu: mtoto ataishi wapi?

Axel Olrik wa Denmark alieleza mwaka 1909 kwamba hadithi za mapokeo hupenda kurudia jambo mara tatu, na kwamba mara ya tatu ndiyo yenye uzito. Hadithi ya Mahuta imeitii kanuni hiyo kikamilifu, na mtafiti mvivu angeridhika kuiandika hivyo na kupita. Lakini mahali patatu pa hadithi hii si pa kubuni. Ruvuma iko kusini ya uwanda, Mbwemkuru kaskazini yake, na uwanda wenyewe uko katikati. Mtu asimamaye Newala, penye genge liitwalo Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake, na milima ya Msumbiji ng'ambo. Masasi iko chini upande wa kaskazini-magharibi, kati ya vilima vya mawe vilivyosimama peke yake kama ng'ombe waliotawanyika malishoni. Juu ya uwanda hakuna mto. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji, nayo hutokea tena chini kabisa, katika chemchemi za pembezoni mwa genge. Kwa vizazi vingi maji ya kupikia na kuoga yalipandishwa kwa vichwa vya wanawake, kwa njia za mteremko mkali, mpaka mabomba yalipoanza kuwekwa katika miaka ya 1950.

Kwa nini basi watu wakakaa mahali pasipo maji, ilhali mito mikubwa miwili iko pande mbili? Wanahistoria hutaja mambo ya karne ya 19: misafara ya watumwa iliyopita mabondeni kati ya Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa na Lindi, na mashambulio ya Wangoni, walioitwa Magwangwara katika pande hizo. Vichaka vya uwanda vilikuwa ngome; mgeni asiyejua njia hakuweza kupita. Wenye elimu ya tiba hutaja malaria, ambayo Ronald Ross alithibitisha mwaka 1897 kwamba hukaa ndani ya mbu. Hadithi haitaji vita, wala watumwa, wala mbu. Inataja watoto wafu wawili. Sababu nyingine zote zimekusanyika katika hiyo moja, kwa kuwa hiyo ndiyo sababu ambayo hakuna mzazi angeweza kuibishia.

Hapa ndipo dhamira inapoonekana. Hadithi inahalalisha maisha magumu. Agizo limetolewa na baba, lakini mzigo wa agizo umebebwa na binti zake, kila asubuhi, kwa mtungi. Si bahati tupu kwamba hadithi hiyohiyo inampa mama wa kwanza heshima ya kaburi la kila mtu. Wanaume na wanawake wote watazikwa kwa mfano wake. Yeye aliyepoteza watoto wawili katika mabonde ndiye shahidi wa agizo, na mume ni msemaji wake tu.

Jambo jingine halionekani mpaka mtu akumbuke desturi za ukoo. Wamakonde wa uwanda huu, pamoja na jirani zao Wamakua na Wayao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Sasa mwanamke aliyechongwa kwa mti hana mama, hana kaka, hana mjomba. Katika hadithi ya Ulaya upungufu huo haugusi mtu, kwa sababu jina linatoka kwa baba. Katika Newala ni jambo kubwa mno. Mwanamke asiye na ukoo ndiye pekee awezaye kuwa mwanzo wa ukoo. Angalikuwa na kaka, watoto wangalikuwa wa nyumba nyingine iliyotangulia, na hadithi isingalikuwa ya asili tena. Kwa hiyo mti si pambo la hadithi. Ni jibu la swali ambalo jamii ya ukoo wa mama lazima ijiulize: mama wa kwanza alitoka kwa nani?

Na tazama mwisho wa mti katika hadithi mbili. Katika Kitabu cha Kasuku shauri linapofika mwisho, wadai wote wanapelekwa mbele ya mti mkongwe wenye kuamua magomvi. Shina linapasuka, mwanamke anaingia ndani, linafunga, na kila mtu anarudi mikono mitupu. Kilichotoka kwa mti kimerudi kwa mti. Mahuta nako wafu wanarudi ardhini wakiwa wima kama mti. Kiungo ni kilekile, yaani kurudi katika asili. Lakini katika kisa cha Kiajemi kurudi huko ni hukumu juu ya wachoyo, na hakuacha kizazi; katika Mahuta ni alama ya kizazi. Mwenye kuandika namba ya kiungo pembeni mwa hadithi hizi mbili ataandika namba moja, naye atakuwa amesema kweli, na kweli hiyo itakuwa na faida ndogo.

Imebaki hoja ya Hawa, ambayo si ya kupuuzwa. Misheni ya Universities' Mission ilianza Masasi mwaka 1876, miaka 30 kabla ya Weule kufika, na Uislamu ulikuwa umekwisha kupanda kutoka pwani pamoja na biashara ya Wayao. Msimulizi wa Newala wa mwaka 1906 aliweza kabisa kuwa amesikia habari za Adamu. Mtu wa peke yake, mwanamke anayetokea alipokuwa usiku, agizo la kwanza: vipande hivi vinafanana. Lakini ukitazama kisichokuwamo utaona tofauti. Hamna Muumba, hamna katazo lililovunjwa, hamna kosa la mwanamke, hamna kufukuzwa. Mauti ya Mahuta hayakuja kwa dhambi. Yalikuwa mahali fulani, na mtu aliweza kuyahama. Kama hadithi ya Hawa ilipita hapo, ilipita kama mgeni aliyekunywa maji na kuendelea na safari.

Ni kweli kwamba kuna hadithi nyingine ambazo safari yake yajulikana, na Masasi imo katika historia ya safari hizo kwa namna isiyo ya kawaida. Mwanzilishi wa Masasi, Askofu Edward Steere, ndiye aliyechapa London mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Unguja, kwa Kiswahili na tafsiri yake, ambao hata leo ni chemchemi ya uchunguzi huu. Mwaka 1876 aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akashukia Lindi, akataka kuwarudisha kwao kuelekea Nyasa. Wakapata nchi nzuri Masasi wakakaa. Watu hao walikuwa wametoka bara utotoni na hadithi za bara, wakaishi Unguja kati ya hadithi za pwani, kisha wakapandisha zote mbili katika nchi ya Wamakua na Wayao. Mwaka 1882 Magwangwara wakaivamia Masasi, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda wa miaka. Barabara ya watumwa ilikuwa ndiyo barabara ya hadithi, kwenda na kurudi. Anayekusanya kisa Masasi na kukuta kinafanana na cha Unguja asishangilie mapema kwamba amepata asili ya kale ya Kibantu. Huenda kilifika kwa miguu mwezi wa Novemba 1876.

Mfano ulio wazi ni kisa cha kima na papa, kilichomo katika mkusanyo wa Steere ndani ya hadithi ya punda wa dobi. Papa anamchukua kima mgongoni. Katikati ya bahari anamwambia kwamba wanataka moyo wake. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, basi warudi wakautwae. Kisa hiki kimo katika Panchatantra, kimo katika Jataka za Kibudha, kimo katika Kalila na Dimna ya Kiarabu, na Korea husimuliwa habari za kobe na sungura. Hapo shaka ya kusafiri ni ndogo sana. Hila ya moyo ulioachwa nyumbani si jambo la kubuniwa mara tano. Walakini dhamira imebadilika njiani. Katika kisa cha Kihindi ni mke wa mamba anayeutamani moyo, na katika Kalila mke wa kobe anajifanya mgonjwa kwa wivu, kwa sababu mumewe amekuwa akishinda na rafiki. Mgogoro ni kati ya ndoa na urafiki. Katika Unguja mgonjwa ni Sultani wa papa, na katika Korea ni Mfalme wa bahari. Mgogoro umehama nyumbani ukaenda barazani: sasa ni kati ya urafiki na utii kwa mtawala. Nchi mbili zilizo mbali sana, zenye masultani na wafalme, zimeelekea upande mmoja. Kama zililipata badiliko hilo kwa mapokeo au kila moja kwa akili yake, si rahisi kuamua. Lakini lililobadilika ni lile lililowahusu wasikilizaji.

Kisa cha kisima nacho hudai maneno machache. Wakati wa ukame wanyama wanachimba kisima. Sungura anakataa kuchimba, kisha anakuja kuiba maji na kuyachafua. Walinzi wanadanganywa mmoja baada ya mwingine, mpaka kobe anapojipaka ulimbo na kumnasa. Husimuliwa karibu pande zote za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Marekani kilivuka pamoja na watumwa, na Joel Chandler Harris akakichapa mwaka 1880 katika kitabu cha Uncle Remus, ambapo mbweha anatengeneza mtoto wa lami. Aurelio Espinosa alikusanya matoleo zaidi ya 150 na kuandika mwaka 1930 kwamba asili yake ni India, kwa sababu Jataka moja ina mwana wa mfalme aliyenata mikono, miguu na kichwa katika manyoya ya jitu la porini. Wengi hawakukubali, na ubishi haujaisha.

Ubishi huo umewashughulisha wataalamu kwa lami, na kwa lami tu. Ukiondoa macho katika lami, utaona kwamba matoleo haya yana sababu mbalimbali za kunasa. Katika Harris hakuna kisima. Sungura anampiga mtoto wa lami kwa sababu hakuitikia salamu. Ni kisa cha adabu na kiburi, na kilisimuliwa na watu waliojua hatari ya kudaiwa heshima. Katika Jataka mwana wa mfalme anashinda kwa moyo usioogopa. Katika Afrika sungura ananaswa kwa sababu hakuchimba. Kwa msikilizaji wa Newala, ambaye mtungi mmoja ulikuwa kazi ya nusu siku, kukataa kuchimba na kuchafua maji havikuwa utani wa sungura mjanja. Huenda ndiyo sababu masikio ya mtu wa nchi ya ziwa na ya mtu wa uwanda yasisikie kisa hicho kwa namna moja: mmoja humcheka sungura, mwingine humngojea kobe.

Kuna nadharia moja ambayo uwanda wa Makonde ungefaa kuipima kuliko mahali pengi. Vladimir Propp wa Urusi alisema katika kitabu chake cha mwaka 1946 kwamba hadithi za ajabu, zenye mtoto anayepelekwa msituni, anayemezwa na jitu na kutoka akiwa mtu mzima, ni masalio ya mila za kutia vijana utu uzima. Yeye mwenyewe hakuwa na mila hizo mbele ya macho, alizisoma vitabuni. Newala na Masasi jando na unyago viliendelea bega kwa bega na usimulizi. Lyndon Harries, aliyefanya kazi ya misheni katika nchi hiyo kabla ya kuwa mwalimu wa Kiswahili, aliandika juu ya jando la Wamakonde mwaka 1944 na juu ya vitendawili vya Wamakua mwaka 1942. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, alijulikana kwa kulitengenezea jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku.

Basi mmezaji yuko wapi? Katika hadithi za Wasotho zimwi lameza watu na mifugo yote, na mtoto wa mwanamke mmoja aliyesalia analipasua tumbo na kuwatoa hai. Katika mkusanyo wa Steere yuko Nunda, paka aliyegeuka mla watu. Kwa Wamakonde wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kuna kinyago cha mapiko kivaliwacho kichwa kizima, na mchezaji huchungulia kwa kinywa cha kinyago. Upande wa Newala vinyago zaidi vilikuwa vya uso. Wanawake na wasiotahiriwa waliambiwa kuwa ni mzimu. Kijana aliyetoka jandoni alijulishwa kwamba ndani yake mna mtu. Hapa mambo hayakubaliani na Propp kwa wepesi. Zimwi la hadithi hupasuliwa na watu wakatoka. Zimwi la jando halipasuliwi. Linafunuliwa kwa wachache, na siri inatunzwa. Hadithi iliyosimuliwa usiku mbele ya wanawake na watoto wadogo haikuweza kuwa masalio ya mila iliyofichwa kwao, labda kama ilikuwa ni njia ya kuwaeleza kilichofichwa kwa namna wanayoweza kuisikia. Katika hayo mawili la pili lina nguvu zaidi, ingawa Propp mwenyewe hakulisema hivyo.

Katika siku hizi kuna njia mpya zaidi. Jamshid Tehrani alichapa mwaka 2013 uchunguzi wa matoleo 58 ya kisa cha msichana mwenye kofia nyekundu na visa vya jamaa yake, akitumia hesabu ambazo wanabiolojia hutumia kupanga nasaba za viumbe. Matoleo ya Afrika yalijikusanya pamoja na kisa cha mbwa mwitu na watoto wa mbuzi, si pamoja na cha msichana. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, na imekata maneno mengi ya ovyo. Lakini hesabu huchukua viungo: ni nani aliyeliwa, alitokaje, mla watu alijigeuza nini. Dhamira haiingii katika hesabu hiyo, wala haikudaiwa kuingia.

Dhamira hukaa katika maneno, na hapo ndipo hadithi ya Mahuta ilipopata hasara yake. Weule hakujua Chimakonde. Alisikia kwa wakalimani, akaandika kwa Kijerumani, na wasomaji wengi wameipata kwa Kiingereza. Kitenzi cha Chimakonde cha kusimama, ambacho hadithi nzima imetundikwa juu yake, kwa maana sanamu ilisimama, mama alisimama, wafu husimama, hakimo katika hadithi iliyochapwa. Wala msomaji wa leo asikimbilie mpingo, kwa sababu vinyago vya mpingo ni kazi iliyokuzwa na soko, na sura za mashetani alizozianzisha Samaki Likankoa ni za miaka ya 1950. Vinyago vya ngoma vya zamani vilichongwa kwa mti mwepesi. Mtafiti atakayekaa Mahuta na kuiomba hadithi hii kwa Chimakonde aanze kwa maswali mawili: ni mti gani, na ni neno gani wasemalo kwa kusimama.